UZI: Nilimtumia dada USDT Chennai. Zilifika kwa dakika mbili, balaa likaja siku ya tisa

Mtoto wa Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Uzi huu mrefu, mwenye haraka apite. Kila wiki naona humu mtu anauliza vipi atamtumia ndugu yake pesa nje kwa USDT, ile sarafu ya kwenye mtandao, na wanaomjibu ni hao hao wanaouza USDT. Mie sina ninachouza. Nilituma, zikafika, halafu nikamtia mtoto wa watu matatani. Nasema yote na hesabu zake. Majina ya watu, benki na soko nililotumia siyataji, msiniulize.

Bi mkubwa alikwenda Chennai, India, kufanyiwa moyo, dada yangu akamsindikiza. Wanaozijua safari hizi wanaelewa: unaambiwa bei ya hospitali, ukoo mzima unachanga, mpaka pesa za karafuu za msimu uliopita zinaingia humo. Bei ya kungoja hakuna anayekutajia. Chumba cha kupanga jirani na hospitali, chakula, bajaji, dawa zisizomo kwenye bili. Wiki tatu zikawa saba. Dada akanipigia usiku, sauti ile ya mtu anayejikaza asilie, akasema wamebakiwa na rupia elfu nne na mwenye chumba anataka kodi Jumatatu.

Kabla ya hapo tulishatuma mara moja kwa benki. Nikapeleka barua ya hospitali, ankara, kopi za pasi, nikajaza fomu mbili. Dola 1,000 nikazinunua kwa 2,650, na ada zao zikaja 80,000. Jumla 2,730,000. Nilituma Alkhamisi mchana, pesa zikafika Jumatano ya pili yake, na zilipofika zilikuwa dola 975, maana kuna benki ya katikati iliyochukua 25 zake njiani bila hata kubisha hodi. Kwa bei waliyobadilishiwa kule zikatoka rupia 82,387. Gawa mwenyewe: kila rupia moja ilinigharimu shilingi 33 na kitu.

Sasa leo Ijumaa usiku, kodi Jumatatu. Ndipo rafiki yangu wa Mlandege akaniambia, "Yakhe, USDT."

Binti Jang'ombe

Nimekaa mkeka kabisa. Endelea kaka. Bi mkubwa yuko vipi?

Mtoto wa Wete

Alhamdulillah, nitafika huko.

Kununua kwanza. Kwa asiyejua: USDT ni sarafu ya kwenye mtandao iliyokusudiwa kuwa sawa na dola moja, leo, kesho na mtondogoo. Unainunua kwenye soko la mtu kwa mtu. Programu inakuonesha orodha ya wauzaji, kila mmoja na bei yake. Ukimchagua mmoja, soko linazishika sarafu zake, wewe unamtumia shilingi kwa simu, akikubali kuwa kapokea soko linakuachia.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na bei nzuri, 2,675. Nikaingiza namba aliyonipa, simu kabla ya kuniomba namba ya siri ikanionesha jina la mwanamke. Kwenye soko yeye ni mwanamme. Nikamuuliza. "Ya wife hiyo bro, tuma tu." Nikaifuta oda. Jina lisipolingana huwezi kujua unamlipa nani. Huenda ni mtu aliyemuuzia tapeli simu yake, na pesa yako ndiyo malipo ya simu hiyo, halafu yeye anakana sokoni kuwa umemlipa.

Wa pili alitaka 2,690, jina lake sawasawa herufi kwa herufi. Nikachukua USDT 1,012. Shilingi 2,722,280. Nikazituma mara mbili kwa sababu ya kiwango cha simu, makato yakawa kama 20,000. Akaniachia baada ya dakika nne. Dakika nne hizo nilikuwa nimesimama Darajani mbele ya duka la viatu, muuzaji ananiuliza namba ya mguu, mie namwangalia kama siijui lugha.

Kutuma. Dada hana akaunti India, yuko kwa viza ya kumsindikiza mgonjwa. Kuna kijana wa Konde, anasoma kule mwaka wa tatu, ana akaunti ya benki na ana akaunti ya soko la sarafu. Akasema, "Nitumie mie, nitaziuza, nimpelekee dada rupia mkononi." Hakutaka hata senti. Likumbukeni hilo.

Akanitumia anwani yake. Herufi na tarakimu 34, inaanza na T, yaani ni ya Tron, mmoja wa mitandao zinamopita sarafu hizi. USDT hiyo hiyo ipo pia kwenye mitandao mingine, Ethereum kwa mfano, ambako anwani huanza na 0x. Ukikosea mtandao sarafu zinaweza kwenda usikoweza kuzirudisha, na hakuna meneja wa tawi wa kumlilia. Nikampigia, akanisomea anwani polepole, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho. Ya katikati nimesisitiza kwa sababu kuna matapeli wanatengeneza anwani inayofanana na yako mwanzo na mwisho, wanakutumia sifuri ili ikae kwenye orodha yako ya miamala, na wewe siku ya pili kwa uvivu unaikopi hiyo.

Nikatuma 10 kwanza. Zikafika. Nikatuma 1,000. Ada USDT 1 kila mara. Kwa saa yangu ilikuwa saa 4:12 usiku nilipobonyeza, saa 4:14 kijana ananiandikia "zimeingia". Kule kwao ilikuwa karibu saa saba ya usiku wa Jumamosi. Benki gani ingefanya hivyo?

Kisiwandui Kwetu

Kitu kinaitwa dola na si dola. Mimi huu naona ni upatu wa kisasa tu. Mwaka 2022 si kuna moja iliyoanguka watu wakalia?

Mhasibu wa Malindi

@Kisiwandui Kwetu ilianguka kweli, TerraUSD, Mei 2022. Lakini ile haikuwa na dola nyuma yake. Ilisimamishwa kwa hesabu za kompyuta na sarafu mwenzake, watu walipokimbilia mlangoni kwa pamoja zikaanguka zote mbili. USDT ya kampuni ya Tether na mwenzake USDC ya kampuni ya Circle zinasema zina akiba nyuma yake, sehemu kubwa ni hati za mikopo ya muda mfupi ya serikali ya Marekani. Hata hivyo si amana ya benki. Machi 2023 USDC ilishuka mpaka karibu senti 88 kwa sababu Circle ilikuwa na dola bilioni 3.3 ndani ya Silicon Valley Bank iliyofungwa Ijumaa. Ilirudi siku chache baadaye, serikali ya kule ilipotangaza wenye amana watalipwa. Sasa fikiria wewe ni mgonjwa hospitali na kodi yako imo humo wikiendi hiyo.

Ndiyo maana mimi nasema ni ya kupitia, si ya kulala.

Na sheria: Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba biashara ya sarafu hizi haikubaliki kisheria, pesa halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia akaitaka Benki Kuu ijiandae na mambo haya. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya 3% kwenye malipo ya mali za kidijitali, mwenye jukwaa ndiye wa kuikata. Kwa hiyo tupo pale ambapo kitu hakina ruhusa ya wazi lakini kina kodi. Ukidhulumiwa, utaanza vipi kueleza kituoni?

Dola Chapchap

Wakuu kwa USDT bei poa kuliko sokoni njooni inboksi, 2,580 tu, unatuma kwanza nakuachia hapo hapo 🔥🔥

Binti Jang'ombe

Mtaani 2,620, sokoni 2,690, wewe 2,580 na nitume kwanza. Kaka, kwenu mnakula nini?

Kisiwandui Kwetu

😂😂😂 Mod aje.

Muscat Mgeni

Mie niko Oman mwaka wa kumi na moja. Kwa njia ya huku hadi nyumbani nawaambieni ukweli, sijaona haja. Riyali imefungwa na dola, na tangu 1986 ni dola 2.60 kwa riyali moja, haichezi. Ruwi pale kila hatua kuna duka la kutumia pesa. Natoa riyali, ada ndogo, mama Micheweni anasikia simu inalia anakwenda kwa wakala. USDT ingenibidi nitafute wa kuniuzia huku na wa kuninunulia Pemba, kila mmoja ale chake.

Ninaowahofia ni mabinti wa kazi za ndani. Asiye na kitambulisho cha ukaazi mkononi hawezi kusimama pale dukani, kwa hiyo anampa mtu amtumie. Siku hizi huyo mtu anamwambia "nakutumia kwa kripto, haraka", anamwonesha skrinshoti, na binti hajui hata anaangalia nini. Mshahara wa miezi mitatu unapotea hivyo.

Mkunazini hadi Aarhus

Huku Denmark ukitaka USDT utapata tabu. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya, MiCA, imezibana sarafu za aina hii tangu katikati ya 2024, na Tether hakuchukua leseni, basi masoko makubwa yakaiondoa kwa wateja wa Ulaya. USDC ipo. Tatizo kijana nyumbani anayenunua anataka USDT tu, USDC ananiangalia kama nimemletea noti ya Zimbabwe. Nikabadilishe tena, nikatwe tena.

Maalim Baraza

Wa alaykumus-salaam. Naomba niulize lisiloulizwa. Kubadilisha fedha kwa fedha ni sarf, na sharti lake ni kukabidhiana mkono kwa mkono pale pale. Wewe ulituma shilingi, ukasubiri dakika nne. Wanavyuoni wamekhitalifiana kuhusu sarafu hizi tangu asili yake, na wapo wanaohesabu kuingia kwenye akaunti ni kukabidhi. Sina nia ya kukuharibia uzi. Lakini pia mjue, zile hati za serikali ya Marekani zinazaa riba, na inayoila ni kampuni iliyotoa sarafu. Kila mtu amuulize anayemwamini.

Mtoto wa Wete

Maalim, jazakallah kheir. Nilimuuliza sheikh wetu baada ya kutuma badala ya kabla, na hilo nalo ni kosa langu.

Sasa India. Kwanza furaha. USDT kule inauzwa juu ya bei ya dola ya benki. Kijana aliuza 1,010 kwa rupia 89, wanunuzi wawili. Serikali yao inakata 1% kwenye mauzo ya sarafu hizi tangu Julai 2022, na faida ina kodi ya 30%. Ikabaki rupia 88,991. Jumapili adhuhuri dada alikuwa nazo mkononi. Pamoja na makato yote ya simu, rupia moja ilinigharimu shilingi 31 kasoro. Kulinganisha na benki nimeokoa kama 7 kwa mia, na siku nne. Nilijiona mjanja wa mji. Nikamwambia kila mtu barazani.

Siku ya tisa kijana anakwenda kununua chakula kwa simu, malipo yanagoma. Anajaribu tena, yanagoma. Benki wanamwambia akaunti yake imezuiwa kwa agizo la polisi wa jimbo jingine kabisa, mbali na Tamil Nadu iliko Chennai. Kumbe mmoja wa wale wanunuzi wawili alimlipa rupia 45,000 ambazo zilitoka kwa mzee mmoja aliyetapeliwa kwa simu. Kule ukitapeliwa unapiga 1930, na wanafuatilia pesa akaunti kwa akaunti, kila iliyopita wanaifunga. Yeye alikuwa wa tatu kwenye mnyororo. Na haikufungwa ile 45,000 peke yake. Ilifungwa akaunti nzima, na ndani yake mlikuwa na ada yake ya muhula.

Mwanafunzi wa kigeni, Mswahili, karibu na mitihani, anaandika barua pepe kwa kituo cha polisi ambacho hajui hata kinaongea lugha gani, aeleze kwa nini alipokea pesa za wizi. Na jibu lake la kweli ni, "Nilikuwa namsaidia mama wa mtu wa kwetu."

Dada akanipigia akaniambia, "Kaka, huyu mtoto tangu juzi anakula kwetu." Sikulala.

Binti Jang'ombe

Ya Rabbi.

Mhasibu wa Malindi

Hili linatokea sana India, nimesoma visa vingi. Sarafu yenyewe njia yake inaonekana wazi mtandaoni, ila rupia inayokuja upande wa pili hujui imetoka wapi. Kuna cha kupunguza hatari, kuuza kwa mnunuzi mwenye historia ndefu na kukataa malipo yanayotoka kwa jina jingine. Lakini hapa jina lilikuwa sawa?

Mtoto wa Wete

Jina lilikuwa sawa. Mnunuzi ni mtu halisi, anatumia akaunti yake halisi. Ndiyo maana nasema hili la majina nililojisifia pale juu kwa upande wa Unguja halikutosha. Mimi niliikagua shilingi iliyotoka, na rupia iliyoingia sikuwa na jicho la kuiona.

Yaliyofuata kwa ufupi. Kijana alikusanya kila kitu: oda za sokoni, kumbukumbu ya muamala kwenye Tron yenye saa na kiasi, mazungumzo yetu, cheti cha mwanafunzi, hata barua ya hospitali ya mama. Akapeleka benki na kwa polisi wale. Siku 41 zimepita ndipo wakalegeza: akaunti ikafunguliwa, 45,000 zikabaki zimezuiwa mpaka kesi iishe. Ada akalipa kwa kuchelewa, na faini.

Hizo 45,000 na faini ni zangu mie, hilo halina mjadala. Ni kama shilingi milioni moja na laki nne na nusu. Ile nafuu ya 7 kwa mia niliyokuwa naisimulia barazani ni kama laki mbili tu.

Kisiwandui Kwetu

Na utamtumiaje sasa? Usiniambie USDT 😅

Mtoto wa Wete

Hapo ndipo palipo na kichekesho chenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia njia, benki ada ngapi, kadi ada ngapi. Halafu nikakumbuka baba yake yuko Konde. Na yeye kila mwezi anahangaika na hizo hizo benki na hizo hizo fomu kumtumia mwanawe pesa ya kula.

Nikapanda boti kutoka Unguja mpaka Mkoani, gari mpaka Konde, nikamkuta mzee barazani anachambua karafuu, vikonyo upande huu, karafuu upande ule. Nikampa salamu, nikamweleza, nikamwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Akazihesabu noti juu ya mkeka, mara mbili, akilamba kidole. Halafu akaniuliza, "Na hiyo sarafu yenu ina picha ya nani?" Nikamwambia haina picha, mzee. Akatikisa kichwa akaendelea na vikonyo vyake.

Njiani narudi Wete nikawa najiuliza. Sisi wa Wete tuna shilingi Pemba na tulitaka rupia Chennai. Mzee yuko Pemba, na mtoto wake alikuwa na rupia Chennai; kijana angempa dada rupia zake, mie nikampa mzee shilingi hapa. Wete na Konde ni safari fupi tu ya gari. Tron ya nini?

Muscat Mgeni

Yakhe, hiyo ni hawala. Babu zetu walikuwa wanafanya na Bombay kabla ya simu.

Mhasibu wa Malindi

Ni hawala, na India hawala ni kosa kisheria. Familia mbili zinazojuana kusaidiana mara moja huenda polisi wasiwafuate, lakini mkiifanya njia ya kila mwezi, na watu wengine wakajiunga, mtakuwa mmefungua benki bila leseni. Nasema mapema kabla ya mtu kuanzisha grupu la WhatsApp.

Mtoto wa Wete

Nimekusikia mhasibu, na grupu sianzishi.

Tulivyofanya wiki za mwisho: bili za hospitali tulilipa benki moja kwa moja kwenye akaunti ya hospitali, tukipeleka nyaraka mapema badala ya kungoja mpaka moto uwake. Pesa ya kula, dada nilimtumia kadi ya benki ya hapa kwa mtu aliyekuwa anasafiri kwenda kutibiwa, akawa anatoa kwenye mashine kule. Makato yanauma, lakini hakuna mtoto wa mtu anayebeba mzigo wetu.

Mkunazini hadi Aarhus

Kwa hiyo USDT hutatumia tena?

Mtoto wa Wete

Ningekuwa na mtu upande wa pili anayezihitaji yeye mwenyewe, azishike, asimuuzie mtu asiyemjua, ningetumia kesho asubuhi. Kutafuta mnunuzi tena, hapana.

Binti Jang'ombe

Kaka hujasema bado. Bi mkubwa?

Mtoto wa Wete

Yuko Wete. Anatembea mpaka kwa jirani na kurudi, anapumzika mara moja njiani, anagombana na daktari kuhusu chumvi. Jana kaniamuru nimchukulie chupa mbili za asali nimpelekee yule mzee wa Konde. Zile 45,000 bado zimezuiwa. Kijana kaandika tena wiki iliyopita, akijibiwa nitarudi hapa.